Kutoa taa za zebaki kwenye monita ya LCD na kuweka LED: mwongozo kwa fundi anayeanza

Ofisi nyingi za Dodoma, shule za sekondari na maduka ya stesheneri bado zinatumia monita za LCD za inchi 15, 17 na 19 zilizotengenezwa kabla LED hazijashika soko. Mara nyingi kioo cha monita hizo kingali kizima kabisa, kilichochoka ni taa za nyuma. Vijana wanaojifunza ufundi huja na maswali yaleyale. LED inaweza kukaa mahali pa zile taa nyembamba? Kwa nini monita inawaka sekunde mbili halafu giza? Na zile taa nikishazitoa nizipeleke wapi? Mwongozo huu unajibu yote matatu, hatua kwa hatua.

Unahusu monita za inchi 15 hadi 22 ambazo taa zake zimelala pembeni, juu na chini ya kioo. Televisheni za zamani za inchi 32 na kuendelea zina taa nyingi zilizopangwa nyuma ya kioo chote. Ile ni kazi nyingine, usianzie huko.

Kilichomo nyuma ya kioo

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinapitisha au kuzuia mwanga unaotoka nyuma yake, kwa hiyo nyuma lazima pawe na taa bapa, yaani uso mpana unaong'aa sawasawa kote. Kwenye monita hizi uso huo hutengenezwa na bamba nene la akriliki. Mwanga unaingia pembeni mwa bamba na kutokea usoni. Ukiligeuza utaona vitone vyeupe vimechapwa nyuma yake, vidogo karibu na taa na vikubwa kuelekea katikati, ili katikati pasiwe na kiza. Juu ya bamba kuna karatasi tatu au nne za plastiki zinazosambaza na kuelekeza mwanga, na chini yake karatasi nyeupe ya kuurudisha.

Taa zenyewe ni mirija ya kioo yenye unene wa milimita 2 hadi 4, inayoitwa CCFL. Kila mrija una gesi na miligramu chache za zebaki. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254, na unga mweupe uliopakwa ndani ya mrija huigeuza kuwa mwanga wa kuonekana.

Viwanda vilianza kutafuta namna ya kuondoa zebaki hata kabla ya LED. Kampuni ya Osram ya Ujerumani ilitoa taa iliyo bapa kweli, vioo viwili vyenye gesi ya zenoni katikati, ikaiita Planon. Zenoni hutoa mionzi ya nanomita 172, na taa yake huwaka kwa mwanga kamili papo hapo hata penye baridi. Tatizo ni kwamba inataka mapigo ya volti kubwa yenye vipimo makini, na kwa umeme uleule inatoa mwanga mdogo kuliko zebaki, maana nishati nyingi zaidi hupotea kuwa joto wakati mionzi ya 172 inapogeuzwa kuwa mwanga. Kwa monita za kawaida za mezani, LED ndizo zilizoshinda.

Fundi wa Majengo au Chang'ombe hana haja ya kuitafuta taa ya zenoni, kwa sababu taa bapa tayari anayo: ni lile bamba na karatasi zake. Anachobadilisha ni chanzo cha mwanga pembeni tu. Na hapohapo unajua ni kitu gani cha kulinda kuliko vyote. LED zikiharibika utanunua nyingine. Bamba likikwaruzwa au karatasi ikikunjwa, duka la kununua ya saizi ileile huna.

Kuhangaika kutafuta CCFL mpya ni kupoteza muda. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulianza kutumika Agosti 2017, na mwaka 2022 nchi wanachama, Tanzania ikiwa mojawapo, zilikubaliana kwamba kutengeneza na kuingiza taa hizi kwa ajili ya skrini kukome ifikapo mwisho wa 2025. Lakini pia sikushauri kuifungua monita ambayo taa zake bado zinawaka vizuri. Zebaki iliyo ndani ya mrija mzima haimdhuru mtu, na pahali salama pa kuihifadhi ni humohumo mpaka taa ife yenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba kilichokufa ni taa

Washa monita ikiwa imeunganishwa na kompyuta. Zima taa ya chumbani, kisha mulika kioo kwa tochi kali, ukiinamisha tochi upande. Ukiona maandishi au picha kwa mbali, kioo na bodi kuu ni vizima, mwanga wa nyuma ndio haupo. Usipoona chochote, tatizo liko kwingine na mwongozo huu hautakusaidia.

Rangi ya pinki au nyekundu wakati wa kuwaka ni dalili ya taa zilizozeeka. Ncha nyeusi za mirija nazo ni hivyohivyo. Monita inayowaka sekunde moja au mbili kisha kuzima mwanga inajilinda: inveta, yaani saketi inayozalisha volti kubwa za taa, imegundua kwamba taa moja haipitishi mkondo, ikazima zote. Wakati mwingine lakini chanzo ni kapasita za bodi ya umeme zilizovimba kichwa. Zitazame kabla ya yote. Kubadilisha kapasita mbili za volti 25 ni kazi ndogo, na unaweza kukuta taa hazina shida yoyote. Nimeona monita nyingi zikivunjwa taa bure kwa sababu fundi hakutazama kapasita.

Vitu vya kuandaa

- Mikanda miwili ya LED nyeupe ya monita, upana wa milimita 4 hivi, pamoja na draiva yake, yaani bodi ndogo inayozilisha LED umeme. Huuzwa kama seti kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Ukikosa mjini, agiza Kariakoo na upokee kwa basi.
- Multimita.
- Solda ya umeme ya wati 30 hadi 40, waya wa risasi na fleksi ya kusaidia risasi ishike.
- Bisibisi za nyota, na kadi ya plastiki ya kubandulia fremu. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa.
- Rezista ya kilo-omu 2.2, wati 5, iliyofungwa nyaya mbili zenye ganda zuri.
- Tepu ya njano ya kuhimili joto, na tepu ya gundi ya pande mbili ile nyembamba.
- Glavu za mpira, miwani ya kinga na barakoa.
- Kipande cha bomba la PVC kirefu kuliko taa, chenye vifuniko pande zote mbili. Hiki ni cha kuwekea taa za zebaki. Kiwe tayari mezani kabla hujafungua chochote.
- Pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na kanga kuukuu iliyofuliwa, isiyotoa nyuzi.

Unaponunua LED, mwombe muuzaji aiwashe uione. Nyingine zina weupe wa bluu mno, na mtu anayekaa mbele yake siku nzima anaumwa macho. Chagua nyeupe ya kawaida, ile ya takribani kelvini 6500.

Vumbi na ukavu wa kwetu

Hapa nitakaa kidogo, maana miongozo mingi imeandikwa na watu wasiolijua vumbi la Dodoma. Kati ya Juni na Oktoba mvua hakuna, upepo unavuma tangu jua linapopanda, na vumbi jekundu linaingia hata pale ulipodhani umefunga. Punje moja ikinaswa kati ya bamba na karatasi, mteja ataiona kama doa jeusi kila akifungua ukurasa mweupe. Punje ikiwa upande wa ndani kabisa, itakubidi ufungue tena kila kitu.

Kwa hiyo sehemu ya kazi inayohusu karatasi na bamba ifanye alfajiri au asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, ndani ya chumba, si kibarazani. Nyunyiza maji sakafuni na uache yatulie robo saa. Zima feni. Ondoa sweta la sufu, linatoa nyuzi na umeme tuli. Umeme tuli wenyewe ni shida ya pili ya ukavu huu: huvuta vumbi kwenye plastiki, na unaweza kuua saketi ndogo zilizo ukingoni mwa kioo. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika kioo, na urudie kila unapoinuka na kukaa.

Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usifute bamba kwa spiriti wala thina. Akriliki hupata nyufa ndogondogo kama nywele, na kila ufa unawaka.

Hatari mbili

Ya kwanza ni kapasita kubwa ya bodi ya umeme. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325, na kapasita hiyo inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ya pili ni inveta. Kuwasha mrija huhitaji volti elfu moja na zaidi, na ukishawaka hutumia kati ya 600 na 800. Monita ikiwa imewashwa, usiguse soketi za taa, wala usizipime kwa multimita ya kawaida, itaungua.

Hatua za kazi

1. Chomoa waya wa umeme, laza monita kifudifudi juu ya kanga na utoe stendi. Fungua skrubu za nyuma. Kwa kadi ya plastiki, bandua fremu kuanzia chini ukizunguka taratibu. Bisibisi ya chuma hapa inaacha alama ambazo mteja ataziona.

2. Tafuta kiunganishi kati ya bodi ya umeme na bodi kuu. Pembeni ya pini kwa kawaida kuna maandishi. Unatafuta nne: umeme wa kulisha inveta (12V, VCC au namba nyingine), kuwasha (ON/OFF, BL_ON au ENA), kiwango cha mwanga (DIM, ADJ au BRT) na GND, yaani hasi ya pamoja. Piga picha kwa simu. Piga nyingi, utazishukuru wakati wa kurudishia.

3. Sasa vipimo, monita ikiwa imewashwa na kompyuta imeunganishwa. Ncha nyeusi ya multimita iwe GND kwa klipu, mkono mmoja ushike ncha nyekundu, mwingine uwe mbali na meza. Andika volti za kila pini. Umeme wa inveta kwa kawaida uko kati ya 12 na 19. Pini ya kuwasha hupanda hadi volti 3 au 5 picha inapokuja na kurudi sifuri monita ikilala. Pini ya DIM hubadilika ukipandisha na kushusha mwanga kwenye menyu. Angalia inabadilika kuelekea wapi, maana kwenye baadhi ya monita volti ndogo ndiyo mwanga mkali.

 Linganisha volti za inveta na zile draiva yako inazoweza kupokea, zimeandikwa kwenye bodi yake. Draiva ya volti 10 hadi 24 ukiipa 30 itakufa palepale.

4. Zima, chomoa ukutani. Gusanisha nyaya mbili za rezista kwenye miguu ya kapasita kubwa kwa sekunde chache, kisha pima. Isome chini ya volti 5 ndipo uendelee. Wapo wanaoishoti kwa bisibisi. Cheche ile inaharibu njia za shaba kwenye bodi na inaweza kukurushia vipande vya chuma moto machoni.

5. Chomoa viunganishi vya taa na ule waya mpana unaokwenda kwenye kioo. Tazama pande za paneli, yaani kioo pamoja na bamba na fremu yake: monita nyingi zina skrubu moja ndogo kila upande inayoshikilia mfereji wa taa, na ukiitoa mfereji mzima wenye taa mbili unateleza kutoka bila kufungua karatasi. Tafuta njia hii kwa bidii kabla ya kukata tamaa. Ukiipata, vumbi lote nililolisema halitakuhusu, ruka hadi hatua ya 7.

6. Kama mifereji haitoki pembeni, fungua fremu ya chuma ya paneli. Inua kioo pamoja na bodi yake ndefu ya ukingoni, kwa mikono miwili, bila kukunja utepe unaoviunganisha. Utepe huo ukipasuka huzaa mistari ya wima isiyotibika. Kilaze kioo juu ya kanga na ukifunike. Karatasi za plastiki zitoe kwa pamoja kama bunda moja, ukizishika kingo. Usizitenganishe. Mpangilio wake na upande unaotazama juu vina maana, na ukizichanganya mwanga utapungua au picha itakuwa na ukungu.

7. Vaa glavu, miwani na barakoa, fungua madirisha. Taa zimeshikwa na vipira kwenye ncha. Vuta vipira taratibu, kamwe usivute waya. Toa taa, izungushie karatasi, iweke ndani ya bomba la PVC na ufunge. Fanya hivyo kwa moja kabla ya kuigusa nyingine.

 Ikivunjika: toka chumbani na wenzako, acha hewa ipite dakika kumi au zaidi. Kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu, ule unga mweupe uunase kwa tepu yenye gundi, mwisho futa kwa karatasi yenye unyevu. Vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, vitu hivyo hutawanya zebaki hewani. Zebaki wengi tunaijua kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na hapa pia ni ileile inayodhuru mishipa ya fahamu.

8. Kabla ya kukata mikanda ya LED, iunganishe yote kwenye draiva mezani, iwashe kwa mwanga kamili na upime mkondo wake. Andika namba hiyo. Mikanda ya aina hii LED zake zimefungwa tatutatu, na kuna alama ya kukatia kila baada ya tatu. Ukikata kwingine, kundi hilo halitawaka.

 Kioo cha inchi 19 cha umbo la zamani kina upana wa milimita 376 hivi, cha inchi 17 ni 338. Mkanda wa sentimita 54 wenye LED 96 una makundi 32. Ukiukata kwa inchi 19 unabaki na LED 66, makundi 22. Sasa, kama draiva yako inatoa mkondo usiobadilika, ule uliogawanywa kwa makundi 32 unaingia kwenye 22, na kila LED inabeba asilimia 45 zaidi. Zitawaka vizuri mno wiki ya kwanza, halafu zitaanza kufa. Hili ndilo kosa linaloua kazi za wanaoanza, na halionekani siku ya kukabidhi. Zidisha namba uliyoandika kwa 22, gawanya kwa 32, huo ndio mkondo unaotakiwa. Kwenye draiva nyingi kuna rezista ndogo mbili au zaidi zenye omu chache, zilizolala sambamba karibu na soketi ya kutolea. Kutoa moja kunashusha mkondo. Toa, pima tena.

9. Safisha mfereji, bandika ndani tepu ya pande mbili, laza mkanda uso wa LED ukitazama mahali bamba litakapokaa. LED ziwe usawa wa katikati ya unene wa bamba. Zikipanda, sehemu ya mwanga inapita juu na utaona mstari mkali ukingoni. Usiweke mkanda kwenye sponji wala plastiki. LED zinahitaji chuma cha mfereji kupoza joto lake. Ncha uliyokata ina shaba iliyo wazi, ifunike kwa tepu ya njano, la sivyo itagusa chuma na kushoti.

10. Rudisha mifereji ikiwa na nyaya, zipite njia ileile iliyopitiwa na nyaya za taa. Kama ulifungua karatasi, puliza bamba kwa pampu, puliza bunda, rudisha, kisha kioo.

11. Kwenye bodi ya umeme, ondoa transfoma za inveta kwa kuzitoa risasi. Wengine huziacha, au hutoa fyuzi ya inveta na kuchukua umeme kabla yake. Mimi sikubaliani na njia hizo zote mbili. Ukiacha transfoma, volti kubwa inabaki ikiruka kwenye soketi tupu. Ukichukua umeme kabla ya fyuzi, mikanda ikishoti hakuna cha kuilinda bodi. Toa transfoma, acha fyuzi, chukua umeme baada ya fyuzi.

12. Unganisha nyaya nne za draiva: umeme baada ya fyuzi kama hatua ya 11, na GND, ENA na DIM, kila moja kwenye pini uliyoipima hatua ya 3. Bandika draiva kwenye chuma cha nyuma juu ya tepu ya kuhami, mbali na upande wa volti 325.

13. Washa monita kabla ya kuifunga, mikono ikiwa mbali. Mwanga utoke sawa kote, ushuke na kupanda kwa menyu, uzime kompyuta ikilala. Pima mkondo wa mikanda mara ya mwisho, sasa ikiwa ndani. Iache iwake saa mbili ikionyesha ukurasa mweupe, kisha gusa chuma cha nyuma ya mifereji. Uvuguvugu ni sawa. Kikiwa hakishikiki, mkondo ni mkubwa, rudi hatua ya 8.

14. Funga. Bandika karatasi ndani ya kifuniko cha nyuma ikisema taa za zebaki zimetolewa, LED zimewekwa, na volti za kulisha draiva. Fundi atakayefuata baada yako anastahili kujua anachofungua.

Umeme utapungua pia. Mrija mmoja wa volti 650 na miliampia 7 hula wati 4 na nusu, na monita nyingi huwa na minne, mbali na inachopoteza inveta. Kwa shule ya Bahi au Kongwa inayotegemea sola, tofauti hiyo inazidishwa kwa idadi ya kompyuta za maabara nzima.

Ikikataa

*Giza kabisa, LED haziwaki.* Pima umeme unaoingia kwenye draiva, kisha ENA. ENA ikiwa sifuri wakati picha ipo, umeunganisha pini siyo. Umeme na ENA vikiwepo, badili waya chanya na hasi wa mkanda. LED ni za upande mmoja.

*Zinawaka kisha kuzima baada ya sekunde mbili.* Bodi yako ya umeme bado inalinda inveta isiyokuwepo na inakata umeme wote. Hii hutokea kwenye bodi chache ambazo inveta na bodi ya umeme vinashirikiana waya wa ulinzi. Fuata waya huo kutoka kwenye chipu ya inveta hadi upande wa bodi ya umeme na uukate.

*Mwanga unapanda ukishusha kwenye menyu.* DIM ya monita ni ya kinyume. Unaweza kuweka transista moja ya kugeuza, au ukaiunganisha DIM ya draiva na ENA ili mwanga ubaki kamili daima. Njia ya pili ni ya haraka, lakini mwambie mteja kwamba menyu haitabadilisha mwanga tena, na uhakikishe mkondo ulishushwa.

*Nusu ya juu inang'aa kuliko ya chini.* Mikanda miwili haina makundi sawa, au mmoja umekaa mbali na bamba.

*Makundi ya LED tatu hayawaki.* Ulikata nje ya alama, au umeukunja mkanda ukavunja njia ya shaba. Badilisha mkanda, usijaribu kuunga katikati.

*Mwanga unatetemeka ukiupunguza.* Draiva inazima na kuwasha LED kwa kasi ndogo mno. Elekeza kamera ya simu kwenye kioo, ukiona mistari inatembea ndiyo hiyo. Tafuta draiva nyingine, macho ya mtumiaji hayazoei.

*Madoa meusi yasiyohama.* Vumbi. Subiri kesho asubuhi.

Taa ulizozitoa

Bomba la PVC liandike kwa kalamu isiyofutika: TAA ZENYE ZEBAKI, USIFUNGUE, na idadi iliyomo. Lihifadhi mahali penye kivuli ambapo watoto hawafiki, lisilale chini linapoweza kukanyagwa. Usizichome na takataka, joto linaipandisha zebaki hewani na jirani yako ndiye anayeivuta. Wala usizipeleke jalalani au kumpa muuza chuma chakavu, kwani atazivunja kutoa ncha za chuma.

Bomba likijaa, uliza ofisi ya NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ya Kanda ya Kati hapa Dodoma ni mkusanyaji gani mwenye kibali cha taka hatarishi anayepokea taa za zebaki, kisha ukabidhi bomba likiwa limefungwa na uombe hati ya makabidhiano. Mafundi wa mtaa mmoja mnaweza kuwa na bomba moja la pamoja, kwa sababu mkusanyaji hatafunga safari kwa ajili ya taa nane.